Usiku wa mazimwi Kings Island: namna ninavyowapeleka watu wangu kila Oktoba

Saa 12 jioni, jua likiwa bado halijazama, muziki wa Kings Island hubadilika. Watu wengi hawatambui mpaka ukungu unapoanza kuwatambaa miguuni na mtoto mmoja akapiga ukelele karibu na chemchemi. Wakati huo mimi nimeshawatoa wadogo, nimeshawavalisha masweta wakubwa, na nimeshamwambia kila mtu mahali pa kukutana tukipotezana. Mwaka wa kwanza sikufanya hata moja kati ya hayo, na ndiyo maana naandika.

Kings Island ni bustani kubwa ya bembea na treni za kasi, iko Mason, jimbo la Ohio, Marekani, kama kilomita 40 kutoka Cincinnati, kando ya barabara kuu ya 71. Sisi watu wa Mombasa tumekulia bembea za Makadara siku za Idd na Shoo ya Mkomani. Changanya hayo mawili, weka katikati Mnara wa Eiffel wa kuigwa wenye urefu wa futi 314, zungushia msitu, na utaanza kupata picha. Kuanzia Septemba inapokaribia kwisha hadi Oktoba yote, siku za mwisho wa wiki, bustani hiyo huwa na sura mbili. Mchana kuna maboga, peremende na watoto waliovaa kama nyuki na mabinti wa mfalme. Usiku kuna Halloween Haunt, yaani usiku wa mazimwi wa msimu wa Halloween, ile sikukuu ya mizuka ya mwisho wa Oktoba: waigizaji waliojipamba kutisha na nyumba za kutisha.

Bustani za huku kaskazini zamani zilikuwa zikifunga malango mwanzoni mwa Septemba, shule zikifunguliwa na baridi ikipiga hodi. Waliofungua njia ni Knott's Berry Farm ya California, mwaka 1973, walipogeuza mji wao wa kuigiza kuwa mji wa mizuka kwa siku chache tu. Universal ya Florida ikafuata mwaka 1991, na Cedar Point, iliyoko kwenye ziwa Erie huku huku Ohio, mwaka 1997. Kwa hiyo unapoingia usiku ule unakwenda kutazama ufundi wenye zaidi ya miaka 50. Kuna washonaji, wapakaji rangi, mafundi wa taa, na vijana waliofundishwa namna ya kutisha bila kumgusa mtu. Ukimfahamisha mgeni wako hivyo kabla ya kufika, umefanya nusu ya kazi.

Kuhusu imani, nitasema langu tu. Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Kisauni aliniuliza kwa nini nawapeleka wajukuu zake kuchezea mashetani. Nilimjibu kwamba ni yeye aliyetuambia hadithi za zimwi usiku, umeme ukiwa umekatika, sisi tukiwa tumejibanza mapajani pake. Paukwa, pakawa, na hofu ikawa tamu kwa sababu yeye alikuwepo. Hakukubali moja kwa moja. Aliwasomea watoto Ayatul Kursi, kisha akaingia garini pamoja nasi. Familia inayoona haifai naiheshimu, na wala simsukumi mtu. Lakini mchana wa maboga hauna zimwi la kutisha, na watu wengi wa msikitini na kanisani kwetu huenda mchana huo tu na kurudi nyumbani kabla ya jioni.

Kabla ya kutoka nyumbani

Chagua Jumapili. Jumamosi za Oktoba zimejaa kupita kiasi; nimewahi kusimama zaidi ya saa moja na nusu kwa nyumba moja ya kutisha ambayo ndani yake hukaa hata dakika kumi. Ijumaa ni nzuri kama huna wadogo, kwa kuwa bustani hufunguliwa jioni jioni. Jumapili asubuhi yenye manyunyu ndiyo siku yangu. Watu huogopa mvua, nayo mara nyingi hukatika adhuhuri, ukabaki na bustani iliyo nusu tupu.

Soma tiketi yako neno kwa neno. Tangu mwaka 2024 Kings Island iko kwenye kampuni moja na bustani za Six Flags, na masharti hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwingine nyumba za kutisha huuzwa kando na tiketi ya kuingilia, na ile pasi ya kuruka foleni ya treni za mchana huenda isifae kabisa kwenye nyumba za usiku. Fungua ukurasa wa bustani wiki ile ile unayokwenda na utazame mambo matatu: saa za kufungua na kufunga, nini kimo ndani ya tiketi, na sharti la mtu mzima wa kuandamana na vijana. Hilo la tatu huwarudisha watu nyumbani. Kijana wa miaka 15 au chini yake hutakiwa awe na mtu aliyetimiza miaka 21, mwenye kitambulisho chenye picha na tarehe ya kuzaliwa. Shangazi akiwa na picha ya pasipoti kwenye simu tu, usitegemee. Abebe chenyewe.

Pesa taslimu hazipokelewi ndani, tangu mwaka 2021. Wageni wetu kutoka nyumbani hupenda kutembea na noti, basi wape kadi mapema, au uwaonyeshe mashine ya kubadilisha noti kuwa kadi wasije wakaaibika mbele ya muuza chipsi. Mabegi acha garini. Mlangoni kuna mashine za kukagua chuma, na begi kubwa litakurudisha mpaka mwisho wa uwanja wa magari, ambao ni mwendo wa kweli kweli.

Na tafadhali, kubalianeni kuhusu saa. Nilimwandikia mpwa wangu wa miaka 19, aliyekulia huku, "tukutane saa 12 mlangoni". Akafika saa sita mchana, akanisubiri hadi jua likaelekea kuzama, simu ikamwishia chaji. Siku hizi naandika "saa 12 jioni, yaani 6 ya huku", hata nikiona namrudia mtu jambo analolijua.

Nguo: Oktoba ya Ohio inadanganya. Mchana unatembea na fulana, na saa tatu usiku pumzi yako inaonekana. Vaa tabaka tabaka. Viatu viwe vya kufungwa kamba, kwa kuwa ndani ya nyumba za kutisha sakafu hupanda na kushuka, na nyingine zimetandikwa mpira unaobonyea makusudi. Buibui na kanga nzuri ninazipenda, lakini usiku ule navaa suruali na koti refu linaloishia magotini, na mtandio nimeuchomekea ndani. Nimewahi kukanyagiwa pindo gizani na mtu wa nyuma aliyeruka kwa woga. Mavazi ya kuigiza ni ya watoto, na ni ya mchana. Usiku mgeni haruhusiwi kuvaa barakoa, ili asichanganyikane na waigizaji.

Mchana ni wa wadogo

Binti yangu ana miaka 8. Zamu yake ni kuanzia tunapofika hadi saa 11 jioni, na ratiba ni yake. Tunaanza sehemu ya Snoopy, yule mbwa wa katuni, ambako kuna bembea ndogo na watu wa kupiga nao picha, kisha njia ya kukusanya peremende. Mtoto akitaka kula pizza tunampa ile ya jibini tupu. Kila mwaka ni lazima tununue aiskrimu ya buluu, ambayo ni kama alama ya pale, na koti lake hurudi limepakwa buluu.

Saa 11 na nusu baba yake anamchukua wanakwenda zao nyumbani. Hili ni la kupangwa mapema, magari mawili, kwa sababu mtoto akishaliona zimwi la kwanza huwezi tena kumpitisha mlango ule ule bila kilio. Bustani yenyewe inashauri usiku ule uwe wa walio na miaka 13 kwenda juu. Mwanangu wa kiume alinisumbua tangu akiwa na miaka 10. Nilimwambia asubiri, akanuna miaka mitatu, na alipoingia akiwa na 13 alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Namba hiyo ina maana yake.

Kama una mtoto mkubwa anayetaka kuona taa na kula donati lakini hataki kurukiwa, ulizia kwenye duka la mlangoni. Bustani kadhaa za Marekani huuza mkufu unaowaka, na waigizaji wakiuona humpita mvaaji. Mkufu huo unafanya kazi kwenye njia za nje tu; aliyeuvaa akiingia ndani ya nyumba za kutisha bado atarukiwa.

Ukungu unapoingia

Maghrib ya Ohio mwezi huo huangukia kati ya kama saa 12 na dakika 40 na saa moja na dakika 20, yaani pale pale sherehe inapoanza. Mdogo na baba yake wakiwa wameshaondoka, mimi huenda kwenye gari la pili, naswali kando yake, nakunywa chai ya chupa, kisha narudi na wakubwa. Hakikisha tu mapema kwa wa mlangoni kwamba unaruhusiwa kurudi ndani na nini watakutaka uonyeshe. Kutoka huko kunanipa na nafasi ya kula chakula changu mwenyewe. Sambusa za nyumbani garini ni bora kuliko foleni ya chipsi saa moja usiku.

Kuna vitu vya aina mbili, na mgeni lazima avijue tofauti. Aina ya kwanza ni njia za nje: sehemu ya barabara ya bustani iliyojazwa ukungu, taa za rangi moja na waigizaji wanaozurura. Hapo hakuna foleni. Ukitaka kwenda upande wa pili unapita tu. Wapo wanaoteleza chini kwa magoti yaliyofungwa vyuma, cheche zikiruka kwenye lami. Mchezo huo ulianzia Knott's ukaenea nchi nzima. Yupo na mwenye msumeno wa injini. Mnyororo umetolewa, hauwezi kukata kitu, lakini mlio na harufu ya petroli ni vya kweli.

Aina ya pili ni nyumba zenyewe. Hizi zina foleni, na hapa ndipo nataka ukae nami kidogo, kwa sababu ukielewa zinavyofanya kazi utazifurahia mara mbili.

Kila chumba kimepangwa kukufanya uangalie mahali pasipo na kitu. Utaona taa moja ikimulika kichwa cha mwanasesere kilichokatwa. Jicho lako linakwenda huko bila wewe kulituma. Zimwi liko upande wa pili, nyuma ya kidirisha chenye rangi ile ile ya ukuta, na kidirisha hicho hudondoka kwa kishindo. Kishindo ndicho kinachokurusha. Uso unauona baadaye. Kisha tazama linakosimama: karibu siku zote linakuacha na njia ya mbele, kwa kuwa kazi yake nyingine ni kukusukuma uendelee ili foleni isikwame. Mwanangu siku hizi akiingia chumba anatafuta kwanza kitu kinachong'aa, halafu anageuka upande wa pili, na mara nyingi anamkuta mwigizaji akichungulia. Wanachekeana.

Panga kundi lako. Wa mbele huona mengi lakini harukiwi sana, maana anapopita ndiyo kwanza zimwi linajiandaa. Linamtokea wa pili au wa tatu. Mwoga mweke mbele kabisa, nyuma ya mtu wa kundi lililotangulia, na umshike mabega. Wa mwisho awe mtu mkavu, kwa kuwa kuna mazimwi yanayofuata kimya kimya na kupumua kisogoni. Mimi ndiye wa mwisho wa familia yetu.

Mikono yako ishikane yenyewe, au ishike bega la mwenzako. Wao hawakugusi, nawe usiwaguse. Wapo watu ambao mwili wao ukishtuka hurusha ngumi bila kukusudia, na kijana aliye nyuma ya kidirisha ni mwanafunzi anayetafuta karo ya chuo. Ukijijua uko hivyo, weka mikono mfukoni. Usikimbie, sakafu ni giza na wa mbele yako ni mama ya mtu. Simu na tochi zizimwe, maana mwanga humpofusha mwigizaji aliyekaa gizani tangu jioni. Ukifika mwisho, mwambie yule wa mlango wa kutokea kwamba wamefanya kazi nzuri. Nimewaona wakinyoosha kidole gumba kutoka ndani ya damu ya bandia.

Taa za kumwekamweka zimo katika nyumba nyingi. Mwenye kifafa asiingie. Mwenye pumu awe na dawa yake mkononi, kwa sababu ya ukungu. Mjamzito na mwenye maradhi ya moyo wabaki nje nasi tunywe chai.

Na kila ukiingia, tafuta alama ya mlango wa dharura inayowaka. Hili silisemi kwa mazoea. Tarehe 11 Mei 1984, bustani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, nyumba ya kutisha iliyokuwa humo iliungua na vijana 8 wakafa ndani. Haikuwa na mabomba ya kunyunyiza maji darini. Sheria zilikazwa baada ya moto ule, na ndiyo sababu leo ukitazama juu, katikati ya nyavu za buibui wa bandia, utaona vichwa vya mabomba na taa za njia ya kutokea. Waonyeshe wanao. Ukizidiwa na woga pia, huna haja ya kumaliza njia: simama ukutani, inua mkono, mwambie mfanyakazi yeyote unataka kutoka, na atakupitisha mlango wa kando.

Wageni waliopitia mengine

Mwaka wetu wa pili nilimchukua jirani yetu, kijana kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, aliyekuwa ana miezi michache Marekani. Nilitaka acheke, atoke kidogo kwenye kazi za usiku. Sikumweleza vizuri. Nilisema tu "ni michezo ya kutisha". Tulipofika njia ya nje msumeno ulinguruma nyuma yetu, kitu kikalipuka pah! kwenye pipa la chuma, na watu wakaanza kukimbia wakipiga kelele. Wengine wote walikuwa wakicheka. Yeye alikuwa ameshachutama nyuma ya kibanda cha vinywaji akiwa amemfunika mwanangu kwa mwili wake.

Tulikaa garini muda mrefu. Alisema hakasiriki, alisema mwili wake ulifanya kabla yake. Sijalisahau.

Tangu siku hiyo, kila ninayemwalika namkalisha kwanza na kumweleza yote kwa majina: kutakuwa na milio kama ya risasi, kutakuwa na watu wanaokimbia, damu ya rangi, maiti za plastiki, majeneza. Namwambia anaweza kusema hapana sasa hivi, au katikati, na nitatoka naye bila kuuliza. Kama ni mtu aliyekimbia vita, au aliyefiwa karibuni, simpeleki usiku hata akisema yuko sawa, mpaka awe amekwenda mchana akaiona bustani ile ile ikiwa na jua. Kijana wa Uvira alirudi mwaka uliofuata mchana, akapanda kila treni. Usiku bado hautaki, nami naona ana haki.

Kitu cha mwisho kupanda

Ukiniuliza kipi kinatisha kuliko vyote, si nyumba yoyote ya Haunt. Ni The Beast. Ni treni ya reli ya mbao iliyofunguliwa mwaka 1979, ina urefu wa futi 7,361, zaidi ya kilomita mbili, na hadi leo hakuna ya mbao iliyoipita kwa urefu duniani. Inakimbia msituni kwa zaidi ya dakika nne. Mchana ni safari nzuri tu. Usiku haina taa njiani. Inapanda mlima wa kwanza polepole, unaona taa za bustani nyuma yako, kisha inakutumbukiza kwenye miti na huoni hata mkono wako. Baridi inakupiga usoni, mbao zinalia, na majani makavu yananukia. Halafu inapanda tena, taratibu mno, na kila mtu ananyamaza.

Ingia foleni yake saa moja kabla ya kufunga. Anayepanda lazima awe na inchi 48, kama sentimita 122. Miwani mfukoni, mtandio ndani ya koti, simu ndani ya zipu. Sijawahi kushuka pale bila kucheka.

Kisha msiharakishe kutoka. Wakati wa kufunga magari yote huelekea malango yale yale, na nusu saa hupita bila kusogea. Sisi hukaa garini, chai iliyobaki inagawanywa, vijana wanasimuliana nani alipiga kelele.

Mwaka jana tulikuwa tumeegesha pembeni kabisa, upande wenye makaburi ya zamani. Yako hapo hapo, nyuma ya uzio kando ya uwanja wa magari, ya watu walioishi na kuzikwa sehemu hizo zamani, kabla ya bustani kujengwa. Nilipowasha taa za gari zikamulika mawe. Mama, ambaye usiku kucha alikuwa amekaa kwenye benchi akiyatazama mazimwi kwa utulivu kabisa, aliniuliza kama na yale ni ya kuigiza. Nikamwambia hapana Mama, yale ni ya kweli. Akanyamaza, kisha akawaambia watoto wazime muziki mpaka tufike barabarani.